HASHIM: JINA LILILOTOKANA NA KULISHA WATU



Je, unalijua jina la baba wa babu yako? Wengi wetu tunaishia kwa babu.

Mtume wetu (s.a.w.) ni Muhammad bin Abdullah bin Abdul-Muttalib bin Hashim. Yaani yeye ni kitukuu wa Hashim. Na wazazi wa Hashim hawakumwita hivyo, walimwita Amr. Vitabu vya sira vinasimulia kuwa Makka ilipopatwa na njaa, alileta chakula kutoka Sham, akachinja ngamia, akavunjavunja mikate ndani ya mchuzi, watu wakala wakashiba. Mvunjaji huyo kwa Kiarabu ni "haashim". Jina likamganda.

Alifariki safarini, akazikwa Gaza, mbali na kwao. Mpaka leo mji ule huitwa Gaza ya Hashim.

Ndugu yangu, vitukuu wako watakukumbuka kwa tendo gani? Na wazee wako waliotangulia katika Uislamu, waombee dua, watolee sadaka, wasimulie wanao mema yao kabla hayajasahaulika.

Allah awarehemu wazee wetu. Aamin.