Barua ya Mwanafunzi kwa Mwalimu Wake



Neno «aksanti» hutoka kinywani kwa urahisi tunapomshukuru mtu tusiyemjua, kama yule aliyetupisha njiani au aliyetuonyesha mahali pa kuteka maji. Huwa zito linapowahusu wale walio karibu nasi, ambao wema wao tumeuzoea kama tulivyozoea jua kuchomoza. Mama aliyeamka alfajiri kwa miaka mingi, jirani aliyetugawia chumvi bila kuhesabu, mwalimu aliyebaki darasani wenzake walipokwisha kurudi nyumbani: mbele yao ulimi hukwama. Tunaona haya. Tunahofu wataona kwamba tunajipendekeza, au kwamba tumekuja kuomba kitu kingine. Basi tunaahirisha, na miaka inapita.

Tungependa kuwasimulia habari ya mtu ambaye barua yake kuu ya shukrani iliandikwa miaka 33 baada ya wema wenyewe. Jina lake wengi wenu mmelisikia katika masomo ya Kifaransa, yaani Albert Camus. Hakuwa muumini, na mwalimu wake alikuwa mtetezi wa shule isiyofungamana na dini. Hilo halituzuii kujifunza kwao.

Camus alizaliwa tarehe 7 Novemba 1913 huko Mondovi, nchini Algeria, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya utawala wa Ufaransa. Hakuwa ametimiza mwaka mmoja baba yake alipofariki kutokana na majeraha aliyoyapata katika mapigano ya Marne. Mama yake aliishi na wanawe wawili katika nyumba ya bibi yao, mtaa wa Belcourt, mjini Alger. Mama huyo hakujua kusoma, masikio yake yalikuwa mazito, na alipata riziki kwa kusafisha nyumba za watu. Kwao hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Bibi ndiye aliyetawala nyumba ile, na aliitawala kwa ukali, kiboko kikiwa karibu.

Katika shule ya msingi ya mtaa huo alifundisha bwana Louis Germain. Aliona kwamba kijana huyu alikuwa na akili ya kuendelea na masomo. Lakini ili mtoto maskini aingie lisee, ilimpasa kushinda mtihani wa kupata msaada wa masomo, na kabla ya hapo ilimpasa kupata ruhusa ya nyumbani. Bibi alikuwa na hesabu yake: kijana akatafute kazi, alete mshahara. Nani atamlaumu? Wangapi katika parokia zetu wanakabiliwa na hesabu hiyohiyo kila mwezi wa Septemba? Germain alikwenda mwenyewe nyumbani kuzungumza na bibi huyo mpaka akakubali. Kisha akamfundisha Camus pamoja na wanafunzi wengine wachache baada ya saa za shule, bila kudai malipo. Mwaka 1924 Camus alishinda mtihani akaingia lisee ya Alger.

Hapa ni lazima tuseme jambo moja, kwa kuwa historia isiyosemwa yote hugeuka kuwa hadithi ya kubembeleza watoto. Mlango huo uliofunguliwa kwa Camus, mtoto maskini lakini mwenye asili ya Ulaya, ulikuwa umefungwa kwa watoto wengi mno wa Waalgeria wenyewe. Nasi huku Kongo tunaelewa. Chuo Kikuu cha Lovanium, cha kwanza katika nchi yetu, kilifunguliwa mwaka 1954 tu. Wema wa mwalimu mmoja hauondoi udhalimu wa utawala mzima. Hata hivyo ulikuwa wema wa kweli, na aliyeupokea hakuwa na haki ya kuusahau.

Tazameni pia jinsi ulivyokuwa mdogo. Germain hakumwokoa mtoto kutoka motoni. Alitoa saa chache za jioni na kutembea hadi nyumba ya watu. Matendo kama hayo hayaandikwi popote, na baada ya wiki moja hata aliyeyatenda huyasahau.

Tarehe 16 Oktoba 1957 ilitangazwa kwamba Camus amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Alikuwa na umri wa miaka 43. Magazeti yalipiga kelele, wengine wakimsifu, wengine wakimshambulia, maana vita vya Algeria vilikuwa vikiendelea na kila upande ulimtaka aseme lugha yake. Alingoja kelele zipungue, na tarehe 19 Novemba akamwandikia Germain. Barua yenyewe ni fupi, haijazi hata ukurasa. Anamwambia kwamba aliposikia habari ile, mtu wa kwanza aliyemfikiria baada ya mama yake alikuwa yeye. Kwamba pasipo mkono aliomnyoshea alipokuwa mtoto maskini, hakuna hata kimoja kati ya hayo kingalitokea. Anakiri kwamba haoni heshima hiyo kuwa kitu kikubwa mno, ila imempa nafasi ya kumwambia mwalimu wake alivyokuwa kwake na alivyo bado. Hotuba alizotoa Sweden mwezi uliofuata zilipochapishwa kitabuni, alimtabarukia Germain kitabu hicho.

Mtaniuliza ujasiri uko wapi katika barua ya ukurasa mmoja. Sisi twaona uko hapa, kwamba anayeshukuru kwa dhati hukubali mbele ya mwingine kwamba alikuwa na upungufu. Mtu aliyefika juu hupenda kusimulia kwamba alipanda kwa miguu yake mwenyewe. Camus, katika mwezi ambao dunia nzima ilimwita mkubwa, alijiita mtoto maskini aliyeshikwa mkono. Twakumbuka wakoma kumi wa Injili ya Luka. Wote walisimama mbali walipoomba; mmoja tu alirudi akaja karibu, naye alikuwa Msamaria, yule ambaye kwa desturi za wakati ule alikuwa na sababu nyingi zaidi za kukaa mbali. Kwa kawaida sisi makatekista huwakemea wale tisa kwa kukosa shukrani. Labda baadhi yao walikuwa na shukrani tele moyoni, ila waliona aibu kurudi wakakumbushwa ukoma wao.

Sasa tufike kwenye jibu. Tarehe 30 Aprili 1959, baada ya Camus kumtumia kitabu, Germain alimwandikia barua ndefu. Anasema hajui jinsi ya kueleza furaha aliyoipata wala jinsi ya kushukuru. Yaani, aliyeshukuriwa naye anatafuta maneno ya kushukuru. Kisha anaeleza jambo la kushangaza: hakuwahi kuujua umaskini halisi wa familia ile. Aliuona kidogo tu siku mama yake Camus alipokuja kuzungumza juu ya kumwandikisha kwa ule msaada wa masomo, na hapo mtoto alikuwa karibu kumaliza darasa lake. Kabla ya siku hiyo alimwona sawa na wenzake, amevaa vizuri, na vifaa vyake vyote anavyo. Na kwa hilo anamsifu mama, si yeye mwenyewe.

Jambo hili twaliona kuwa kubwa kuliko tuzo yenyewe. Mwalimu hakujua uzito wa alichokitoa. Alidhani anamsaidia mwanafunzi hodari. Kumbe alikuwa anabadili maisha ya nyumba nzima. Bila barua ya mwanafunzi, asingaliambiwa na mtu mwingine yeyote, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua.

Si wote huwahi. Albert Schweitzer, daktari wa Lambaréné huko Gabon, aliandika katika kumbukumbu za utoto wake, zilizochapishwa mwaka 1924, jinsi alivyosumbuliwa na mawazo ya watu waliomtendea wema akawa hakuwaambia. Wengine alikwenda kuwashukuru makaburini mwao, kimya, kwa haya. Tuna mambo ya kubishana na Schweitzer kuhusu alivyomtazama Mwafrika, lakini katika hili alisema kweli iliyo chungu.

Camus aliwahi, ingawa muda haukuwa mrefu. Alifariki katika ajali ya gari nchini Ufaransa tarehe 4 Januari 1960, miezi minane tu baada ya jibu lile. Ndani ya gari mlikuwa na mswada wa riwaya juu ya utoto wake, ambao alikuwa hajaumaliza. Alikuwa ameutabarukia mama yake, ambaye asingaliweza kuusoma. Binti yake aliuchapisha mwaka 1994, na mwishoni akaziweka barua mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Katika ile ya mwalimu, mzee Germain anatamani angeweza kumkumbatia kwa nguvu mtu huyo mzima mwenye sifa duniani kote, naye bado anamwita kama alivyomwita darasani Belcourt, kwa jina la mtoto mdogo.