Rasiberi ya Waparsi

Ukikuta chupa ya pombe tamu ya rasiberi katika nyumba ya Rayners Lane, London, ni rahisi kuiita mtindo wa Kizungu. Chambord ya Ufaransa iliingia sokoni miaka ya 1980, na kokteli yake maarufu, vodka na juisi ya nanasi ikitikiswa mpaka itoe povu, ilitoka baa ikahamia majumbani. Lakini mtaa huu una njia nyingine ya kuifikia ladha hiyo. Sinema ya Grosvenor ya mwaka 1936, yenye nguzo ya zege iliyopinda mbele kama mkonga wa ndovu, leo ni kituo cha Wazoroasta. Waparsi ni Wazoroasta wa India, na baadhi ya walioko London walipitia Zanzibar. Familia ya Bulsara, ya mwimbaji Freddie Mercury, iliondoka huko baada ya Mapinduzi ya 1964. Na arusi ya Kiparsi bila soda nyekundu ya rasiberi huonekana pungufu: kampuni ya Pallonji ya Bombay, iliyoanzishwa 1865, huitengeneza.

Utasema soda si pombe. Kweli, na wala sidai kila glasi ya mtaani imetoka Bombay. Ila dini ya Kizoroasta haiharamishi pombe, na Waparsi wa Gujarat walifanya biashara ya tembo la mitende kwa vizazi, hadi sheria ya kikoloni ya 1878 ilipowabana. Katika karamu zao wiski na soda ya rasiberi hukaa meza moja, hili wala si siri. Baa ilileta kipimo na barafu tu. Ladha ilikuwa imetangulia.