Barua ya Nyeri hadi Karatina, Kupitia Angani

Leo tuangalie historia kidogo. Mwaka 2000, ukikaa kwenye saiba mjini Nyeri na kumwandikia barua pepe rafiki aliye Karatina, ambaye kampuni yake ya intaneti si yako, barua ilifika Nairobi, ikapaa hadi satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, ikatua Marekani au Ulaya, kisha ikarudi tena kwa satelaiti. Ndiyo, mpaka ng'ambo! Kwa matatu, safari hiyo haimalizi hata saa moja.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Jibu liko kwenye ruta.

Intaneti si mtandao mmoja. Ni maelfu ya mitandao, kila mmoja na namba yake. Ruta za mpakani huambiana njia kwa lugha iitwayo BGP, iliyobuniwa mwaka 1989 na Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM. Toleo lake la 4, la miaka ya 1990, ndilo linalotumika hadi leo.

Fikiria makanga wa stendi ya Nanyuki. Mmoja anaita, "Sagana, kupitia Naro Moru na Karatina!" Mwenzake anaita, "Sagana, kupitia Meru na Embu!" Zote ni barabara za kweli kuzunguka Mlima Kenya. Ruta husikia matangazo yote na, mambo mengine yakiwa sawa, huchagua lenye orodha fupi ya mitandao. Ikikuta namba yake yenyewe ndani ya orodha, hulikataa tangazo hilo, maana ingeuzunguka mlima bure. Baada ya hapo hutangaziana mabadiliko tu, pamoja na salamu fupi za kuonyesha kuwa zi hai. Salamu zikikoma kwa muda uliokubaliwa, njia zote za jirani huyo hufutwa.

Lakini ruta haiwezi kufuata njia ambayo haijatangaziwa. Kampuni zetu hazikuwa na stendi ya kukutania hapa nyumbani, kwa hiyo zilikutana ng'ambo, na kila pakiti ya Mkenya kwa Mkenya ililipiwa satelaiti kwenda na kurudi.

Novemba 2000, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua stendi hiyo jijini Nairobi: KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba trafiki ya kimataifa, ikalalamika kwa tume ya mawasiliano, CCK. Baada ya wiki mbili hivi KIXP ikafungwa. Wenyewe walijitetea kwamba hawarushi chochote nje ya nchi, wanabadilishana vya nyumbani tu. Leseni ilitoka Novemba 2001, na kazi ikaanza upya Februari 2002. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja ikashuka hadi milisekunde 60 hadi 80.

Angalieni tarehe hiyo. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, miaka 7 baadaye. Kasi ya kwanza tuliipata kwa majirani kukubali kutangaziana njia.

Ukiwa na nafasi, fungua tarakilishi yako na ujaribu amri ya tracert kwenda tovuti iliyohifadhiwa hapa Kenya. Hesabu vituo, uone kama pakiti zako zinalala nyumbani. Kwa leo naishia hapa.