Kugawa Pembe kwa Tatu: Kutoka Katazo hadi Uthibitisho, 300 KK–1837

Makala haya yanachunguza swali moja la kihistoria: ni lini wanahisabati walipata haki ya kusema kwamba hakuna njia ya jumla ya kugawa pembe katika sehemu tatu zilizo sawa kwa bikari na rula isiyo na alama? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kauli hiyo ilitamkwa mapema kuliko uthibitisho wake, na kwamba tofauti kati ya "hakuna aliyeweza" na "haiwezekani" ndiyo kiini cha historia hii.

Katika Elements, kazi ya takriban mwaka 300 KK, Euclid anaruhusu kuunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, kuurefusha mstari huo, na kuchora duara. Pendekezo la kwanza la kitabu cha kwanza linajenga pembetatu yenye pande tatu sawa, yaani pembe ya nyuzi 60. Pendekezo la 9 linagawa pembe yoyote katika nusu mbili. Kitabu cha nne kinaongeza pembetano sawa, ambayo kila upande wake hukabili pembe ya nyuzi 72 kwenye kitovu cha duara. Ukitoa 60 katika 72 hubaki 12. Nusu yake ni 6, na nusu ya hiyo ni 3. Kwa hiyo kila pembe ambayo idadi ya nyuzi zake hugawanyika kwa 3 ilikuwa ndani ya uwezo wa Euclid. Nyuzi 20, theluthi ya 60, hazikuwamo.

Pengo hilo halikutokana na uhaba wa ustadi. Kitabu kinachonasibishwa na Archimedes, ambacho kimetufikia kwa Kiarabu kupitia tafsiri ya Thabit ibn Qurra wa karne ya 9, kina mchoro unaogawa pembe kwa tatu mara tu rula inapotiwa alama mbili. Kizuizi, basi, kilikuwa sharti la zana. Katika karne ya 4 BK, Pappus alisema kwamba tatizo hili kwa asili yake halimo katika kundi la matatizo ya mistari minyoofu na maduara. Alikuwa sahihi, lakini hakutoa uthibitisho.

Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kiliazimia kutochunguza tena majawabu ya tatizo hili, pamoja na yale ya kuufanya mchemraba kuwa maradufu na kulifanya duara kuwa mraba. Azimio hilo liliwapunguzia wachunguzi mzigo, ila halikuthibitisha lolote. Hatari ya kutegemea ukimya wa karne nyingi ilidhihirika miaka 21 baadaye. Mwaka 1796 Gauss, akiwa na umri wa miaka 18, alionyesha kwamba umbo sawa la pande 17 hujengeka kwa bikari na rula, jambo ambalo Wagiriki hawakulipata.

Uthibitisho ulitolewa na Pierre Wantzel mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 23. Alihamisha swali kutoka kwenye mchoro hadi kwenye aljebra. Kila urefu unaojengeka kutokana na kipimo kimoja hupatikana kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo vya pili. Kosaini ya nyuzi 20, tukiiita x, hutosheleza mlinganyo 8x³ − 6x − 1 = 0. Mlinganyo huu hauna jibu lililo namba wiani, hivyo hauvunjiki kuwa milinganyo ya daraja la chini yenye vizigeu wiani. Na mlinganyo wa daraja la tatu usiovunjika hauwezi kutatuliwa kwa vipeuo vya pili pekee. Pembe moja isiyogawanyika yatosha kuiangusha njia ya jumla.

Kazi ya Wantzel ilipuuzwa kwa karibu karne nzima. Huenda sababu mojawapo ni kwamba wengi walikwisha kuamini matokeo yake kabla hajayathibitisha. Mwanafunzi wa sekondari wa Afrika Mashariki anayejenga nyuzi 60, 30, 90 na 45 kwa bikari yumo ndani ya mipaka hiyo hiyo. Akiuliza kwa nini 20 haimo, jibu la haki si kwamba wakubwa walikataza, wala kwamba wengi walijaribu wakashindwa. Jibu ni mlinganyo, naye anaweza kuukagua mwenyewe.