Kibla ya Kisii si ya Mombasa

Ramadhan moja tulikodi chumba kule Nyamira tuswali tarawehe. Kabla ya takbira, maneno yakaanza. Mgeni wetu kutoka pwani akasema, "Kibla ni kaskazini, basi!" Mzee mmoja wa pale akageuka kulia kidogo. Tukabishana mpaka safu zikawa mbili. Je, nani alikuwa sawa?

Amri ya kuelekea Masjid al-Haram ilishuka Madina mwaka wa 2 Hijria (624), nayo imo katika Surat al-Baqara, aya ya 144. Uislamu ulipoenea, swali la kibla likazaa elimu. Mwaka 1025 al-Biruni alimaliza kitabu cha kupima mahali miji ilipo, akatafuta humo kibla ya Ghazna, Afghanistan ya leo. Karne ya 14, al-Khalili, mtunza nyakati wa Msikiti wa Umayya kule Damascus, akaandika majedwali ya kibla.

Kwa watu wa pwani mambo ni mepesi. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja, kusini na kaskazini. Ndiyo maana mabaharia waliita kaskazini "kibla", na kusini wakaiita "suheli", jina la nyota. Kwa hivyo mgeni wetu alisema kweli, ila ni kweli ya kwao.

Hapa kwetu tuko magharibi ya Makka kwa digrii 5 hivi. Kibla ya Kisii na Nyamira ni kama digrii 12 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Ukishika kaskazini tupu, mstari wako unaingia jangwa la Sudan, zaidi ya kilomita 500 kutoka Makka! Mzee alikuwa sawa.

Ukiwa na dira, iweke mbali na mabati, nondo na simu, kisha hesabu digrii 12 kulia kwa kaskazini. Huna dira? Tarehe 28 Mei saa 6:18 mchana, na 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Al-Kaaba, na saa ya Makka ndiyo saa yetu. Simamisha kijiti wima. Kutoka ncha ya kivuli kurudi kwenye kijiti, huko ndiko kibla.

Vijana wenzangu, tupime kwanza kabla ya kugombana. Usiku ule tulirudi safu moja, na mgeni wetu ndiye aliyeadhini.

Wallahu a'lam. Ramadhan karim.