Tabibu wa Karema na Shule ya Wagonjwa

Twajua sote ya kuwa njia kuu ya zamani, itokayo Bagamoyo kuja Tabora na kwenda hata Ziwa Tanganyika, ilipitisha pembe, nguo, shanga na watumwa. Ni mara chache kusikia kwamba njia hiyo ilimpitisha pia tabibu aliyesoma, naye ni Mwafrika aliyepata kuwa mtumwa.

Jina lake lilikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu. Alikamatwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, kisha akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwafundisha vijana kama hao utabibu, wapate kuishi kati ya watu wa bara na kuwafundisha dini pamoja na kuwaponya. Basi Atiman akapelekwa kisiwa cha Malta, akasoma hata mwaka 1888. Mwaka uo huo akaondoka Zanzibar na msafara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa. Hapo alitibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956, yaani miaka 67.

Na tufikiri jinsi alivyokuwa siku zile za kwanza. Umri wake ulipata miaka 23. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama ya wenyeji, lakini alikuwa mgeni kwao sawasawa na Mzungu. Malta walimfundisha mifupa na mishipa. Hawakuweza kumfundisha jina ambalo mama wa Karema huuita ugonjwa wa mwanawe, wala dawa aliyokwisha kumnywesha kabla ya kumleta, wala sababu ya kuchelewa kwake. Mambo hayo hujulikana kwa kukaa na watu, naye alikaa. Alioa huko, na mwanawe Joseph akawa padre. Tena hakuwadharau waganga wa miti shamba, bali alijifunza dawa zao. Kwetu sisi hili la mwisho ndilo kubwa, maana si jambo jepesi kwa mtu aliyesoma ng'ambo kumwuliza mzee asiyejua hata herufi.

Huku Lusu, katika Nzega, habari hiyo si ngeni kabisa. Wanyamwezi na Wasukuma wanao Wayeye, chama cha wacheza nyoka, wenye dawa za kuumwa na nyoka. Mwanagenzi wao hafundishwi kwa maneno matupu. Humfuata mwalimu wake porini, huonyeshwa mizizi na majani, hujifunza tabia za nyoka mmoja mmoja, kisha hushika nyoka mwenyewe mwalimu akiwa karibu. (Chama hicho kina siri na mambo ya uganga tusiyoyasifu, twasema habari za mafundisho tu.) Katika kazi ile kosa moja huweza kuwa mauti, kwa hiyo mwalimu hamwachi mwanafunzi upesi.

Utabibu wa hospitali nao una desturi kama hiyo. Shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, nayo ndiyo iliyokua ikawa chuo kikuu cha Muhimbili. Wanafunzi wake hutumwa nje ya jiji wakae na watu na kupeleleza chanzo cha maradhi yao. Hata mtu akishinda mitihani yote hafanyi kazi peke yake kwanza. Hufanya mwaka mzima hospitalini chini ya madaktari wazoefu, wakimtazama mikono.

Lakini mwalimu wa pili wa kijana huyo ni mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo penye shida. Kijana huuliza: Maji mwachota wapi? Mtoto alikula nini jana? Mmempa dawa gani nyumbani? Hilo la tatu ndilo watu huficha, kwa hofu ya kukemewa. Hapo hutibu asichokijua, na dawa ya nyumbani na ya hospitali hukutana katika tumbo la mtoto mmoja.