Agadir 1960: Kumbukumbu za Mji kati ya Faili na Wimbo

Katika lugha ya Waamazighi wa kusini mwa Moroko, neno agadir lina maana ya ukuta, na vilevile ghala lenye ngome ambamo wanakijiji huweka nafaka, vito na hati zao. Hivyo mji wa Agadir ulibeba jina la hifadhi ya nyaraka karne nyingi kabla ya msiba uliowalazimisha watu wake kujiuliza ni kitu gani hasa kistahilicho kuhifadhiwa.

Mnamo tarehe 29 Februari 1960, mwanzoni mwa mfungo wa Ramadhani, yapata saa sita kasoro dakika ishirini usiku, ardhi ilitetemeka kwa muda wa sekunde kama 15. Kipimo chake, karibu 5.7, hakikuwa kikubwa mno. Lakini kitovu kilikuwa karibu na uso wa ardhi, chini ya mji wenyewe, na nyumba nyingi zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo au chokaa hafifu. Mitaa ya Kasbah, Founti na Talborjt iliangamia. Walikufa watu baina ya 12,000 na 15,000, yaani thuluthi moja hivi ya wakazi.

Mfalme Mohammed V aliamuru mji ujengwe upya, na kazi hiyo ikasimamiwa na mwanawe Hassan. Mji mpya uliwekwa kusini ya ule wa kale, na wasanifu kama Jean-François Zevaco na Elie Azagury wakausimamisha kwa zege, kwa kufuata kanuni za ujenzi zilizotungwa kwa ajili ya kukabili matetemeko. Ramani, michoro na picha za miaka hiyo zina thamani kubwa. Hata hivyo, nyaraka za namna hii hujibu maswali ya mhandisi na ya karani: ni nyumba ngapi zilianguka, na ni wapi panapofaa kujengwa? Swali la mfiwa halimo.

Tena ipo tofauti ya lugha. Faili za serikali ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiarabu, ilhali wengi wa waliofiwa walizungumza Kitashelhit, lugha ambayo haikuwa na nafasi ofisini. Ndipo mshairi Ibn Ighil alipotunga kwa Kitashelhit shairi la kuimbwa juu ya tetemeko hilo. Jambo hili halitamshangaza msomaji wa tenzi za Waswahili. Hemedi Abdallah el-Buhry naye aliviweka vita vya Wajerumani na watu wa Mrima katika utenzi, na leo mwanahistoria hana budi kuusoma pamoja na taarifa za maofisa.

Mohammed Khaïr-Eddine aliziunganisha njia hizo mbili. Kuanzia mwaka 1961 alifanya kazi Agadir katika idara ya hifadhi ya jamii, akishughulikia mambo ya walionusurika. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa riwaya yake Agadir, iliyochapishwa mwaka 1967, ambamo afisa anatumwa kwenye mji ulioangamia. Faili ikageuka kuwa fasihi. Lakini fasihi ya Kifaransa, ingawa mwandishi mwenyewe alizaliwa miongoni mwa wasemaji wa Kitashelhit.

Wakazi nao walihifadhi kwa njia yao. Mtaa mmoja wa mji mpya uliitwa Talborjt, jina lililohamishwa kutoka kwenye magofu, na maana yake ni mnara mdogo. Mnara haupo, neno limebaki. Juu ya kilima, ngome ya Kasbah, iliyokuwa kaburi la wengi, imekarabatiwa katika miaka ya karibuni, na wageni huipanda kutazama bahari.

Kuta zaweza kusimamishwa tena, na Agadir ni ushahidi. Lakini ukuta uliokarabatiwa haumtaji aliyelala chini yake. Tangu katiba ya mwaka 2011 Kiamazighi ni lugha rasmi ya Moroko. Basi haifai tena nyimbo za Kitashelhit za msiba ule zihesabiwe kuwa pambo la makumbusho. Mahali pake ni rafu ile ile ya ramani na faili, kwa kuwa ndizo zilizoandika hesabu ambayo karani hakuulizwa.